Mchumba wa mtandaoni: Jinsi ya kumtambua mwenye utambulisho wa uongo

Watu wengi siku hizi hukutana kwa mara ya kwanza kwenye simu. Wengine hukutana Facebook, Instagram au TikTok, wengine Tinder au Badoo, na wengine kwenye makundi ya WhatsApp ya wanaotafuta wenza. Wapo waliooana kwa njia hiyo na wanaishi vizuri. Wapo pia waliomaliza akiba ya miaka, waliouza kiwanja au waliokopa kwenye kikoba kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kuwepo.

Katika makala hii tunaeleza jinsi utambulisho wa uongo unavyotengenezwa, dalili zake, namna ya kuhakiki bila kumvunjia heshima mtu mkweli, na hatua za kuchukua iwapo tayari umetapeliwa.

Uchumba usio na mshenga

Zamani, na hata sasa katika familia nyingi, posa haipelekwi hivi hivi tu. Hutumwa mshenga, na kabla jibu halijatolewa upande wa pili huulizia. Kijana huyu ni wa nani? Anaishi wapi? Anafanya kazi gani? Ana mke mahali pengine? Majirani huulizwa, na wazee wa msikitini au kanisani huulizwa. Hata sheria inataka ndoa ijulikane kabla haijafungwa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inawataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa angalau siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi apate nafasi ya kujitokeza.

Mtandaoni hatua hiyo yote haipo. Anayekuandikia ndiye mposaji, ndiye mshenga, na ndiye shahidi wa sifa zake mwenyewe. Hapo ndipo tapeli anapopenya. Kwa hiyo karibu kila ushauri utakaousoma hapa chini unarudi kwenye swali moja: ni nani mwingine, ambaye yeye hakumchagua, anayemfahamu mtu huyu?

Utambulisho wa uongo una sura gani?

Si kila anayedanganya mtandaoni anafanya hivyo kwa namna moja. Tunaweza kuwagawa katika makundi manne.

Wa kwanza ni yule anayetumia picha za mtu mwingine. Huchukua picha za askari, daktari, rubani au mhandisi wa visima vya mafuta na kujipa jina jipya. Kazi hizi hazichaguliwi ovyo. Zinampa heshima, zinaeleza kwa nini yuko mbali, na zinampa kisingizio cha kutopatikana kwenye simu. Mwenye picha halisi mara nyingi hajui kwamba sura yake inatongoza watu nchi nyingine.

Wa pili ni mtu halisi anayeficha jambo. Sura ni yake na sauti ni yake, lakini ana mke au mume, ana umri mwingine, au anaishi mji tofauti na aliokutajia.

Wa tatu anajifanya mtu maarufu. Huenda akawa msanii, mchungaji, mwanasiasa au mcheza filamu.

Wa nne ni sura iliyotengenezwa kwa akili mnemba. Mtu wa kwenye picha hiyo hajawahi kuzaliwa, na nyuma ya akaunti kunaweza kuwa na mtu mmoja au ofisi nzima.

Mtego unavyofungwa

Utapeli wa mapenzi una hatua zinazofanana mno, iwe mlengwa yuko Mwanza, Mombasa au Marseille.

Kwanza huja salamu isiyotarajiwa: ombi la urafiki, au ujumbe unaosema nimekosea namba. Kisha mazungumzo huhamishwa haraka kutoka kwenye mtandao mlipokutana kwenda WhatsApp au Telegram, ambako wasimamizi wa mtandao ule wa kwanza hawawezi kuona kinachoendelea.

Baada ya hapo hufuata wiki kadhaa za mapenzi mazito. Ujumbe wa asubuhi, wa mchana na wa usiku. Anakuuliza umekula nini, anakumbuka jina la mwanao, anakuita mke au mume kabla hujamwona. Wakati huo huo anakusanya habari zako: unafanya kazi gani, nani anakusimamia, lini unapokea mafao, una ardhi au huna.

Hatimaye linatokea tatizo. Kwa Afrika Mashariki, hadithi ya mzigo ni mojawapo ya zile zinazorudiwa sana. Mpenzi aliye Ulaya amekutumia zawadi, ndani kuna simu, dhahabu na bahasha ya fedha za kigeni, lakini mzigo umekwama uwanja wa ndege. Mtu mwingine, anayejiita wakala wa forodha, anakupigia na kutaka ulipe ushuru kwa namba ya simu binafsi. Ukilipa, inakuja faini. Ukilipa faini, inakuja tozo ya hati. Malipo hayaishi mpaka wewe uishiwe.

Visingizio vingine ni ugonjwa, ajali, kukamatwa na polisi, nauli ya kuja kukuona, au nafasi ya kuwekeza kwenye sarafu za kidijitali. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, ilichambua malalamiko ya mwaka 2022 na kukuta uongo uliotajwa zaidi ni kwamba mpenzi au mtu wake wa karibu ni mgonjwa, ameumia au yuko jela; ulikuwa asilimia 24. Mwaka huo karibu watu 70,000 waliripoti kutapeliwa kwa mapenzi Marekani pekee, na hasara waliyoitaja ilifika dola bilioni 1.3. Hao ni waliothubutu kusema.

Kisa cha Brad Pitt wa uongo

Januari 2025 kituo cha televisheni cha TF1 cha Ufaransa kilitangaza habari za mwanamke aliyepoteza euro 830,000 akiamini ana uhusiano na mcheza filamu wa Marekani Brad Pitt. Kisa chake kilipitia hatua zile zile. Alianza kutafutwa na mtu aliyejiita mama wa msanii huyo. Kisha "Brad" mwenyewe akaandika, akatuma mashairi na maneno ya mapenzi. Zikaja zawadi za kifahari ambazo zilihitaji kulipiwa forodha. Mwishoni zikaja picha za msanii akiwa kitanda cha hospitali, zilizotengenezwa kwa akili mnemba, na maelezo kwamba anaumwa saratani ya figo lakini fedha zake zimezuiwa kwa sababu ya kesi ya talaka.

Watu wengi walimcheka mwanamke huyo kiasi kwamba TF1 ilikiondoa kipindi hicho. Lakini ukikitazama kisa chenyewe, utaona kwamba mashahidi wote aliowapata waliletwa na tapeli: mama, picha za hospitali, habari za talaka. Hakuna hata mmoja aliyempata kwa njia yake mwenyewe.

Nani yuko upande wa pili?

Wengi hudhani tapeli ni kijana mmoja aliyejifungia chumbani. Wapo wa namna hiyo. Nigeria huitwa Yahoo Boys, Ghana shughuli hii huitwa sakawa, na Côte d'Ivoire wanaoifanya huitwa brouteurs. Julai 2024 kampuni ya Meta ilitangaza kufuta akaunti za Instagram zipatazo 63,000 zilizokuwa Nigeria, zilizohusishwa na kutishia watu kwa picha zao za utupu.

Lakini sehemu nyingine ya kazi hii hufanywa na magenge makubwa yenye majengo, zamu na wasimamizi. Ripoti ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya Agosti 2023 ilieleza kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na wengine wapatao 100,000 nchini Kambodia, huenda wanashikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Miongoni mwa waliookolewa huko wamo Wakenya na Waganda walioahidiwa kazi nzuri Thailand, kisha wakavushwa mpaka na kunyang'anywa pasipoti. Kwa hiyo anayekuandikia maneno matamu huenda yeye mwenyewe ni mateka, anayepigwa asipofikisha kiwango. Hilo ni jambo la kusikitisha, lakini halipunguzi hatari kwako. Maneno yake yameandikwa na wakubwa wake, na lengo lao ni pesa zako.

Dalili za kuangalia

Dalili moja haitoshi kumhukumu mtu. Zikiwa tatu au nne kwa pamoja, simama.

• Akaunti yake ni mpya, ina picha chache zilizopigwa vizuri kama za tangazo, na hakuna ndugu au rafiki wa shule anayemtania kwenye maoni.

• Anakupenda kupita kiasi ndani ya siku chache na anataka msiwaambie watu "mpaka wakati ufike".

• Hawezi kupiga simu ya video. Kamera imeharibika, mtandao ni mbovu, au kazini hawaruhusu.

• Kila mkipanga kuonana kunatokea jambo.

• Habari zake hazishikamani. Jana alisema ni mtoto wa mwisho, leo ana mdogo wake anayelipiwa ada.

• Anasema amekulia Tanga au Kisumu, lakini Kiswahili chake kinasomeka kama kilichotoka kwenye programu ya kutafsiri, na hajui soko wala stendi ya mji wake.

• Ukimuuliza swali la kawaida anakasirika au analia, na mazungumzo yanageuka kuwa juu ya wewe kutomwamini.

• Anataja pesa kwa namna yoyote: kuomba, kukopa, kukuwekezea, au hata kukutumia wewe.

Hiyo ya mwisho inahitaji maelezo. Tapeli anayekutumia pesa na kukuomba uzipeleke kwa mtu mwingine anaitumia laini au akaunti yako kupitisha fedha za walioibiwa. Polisi wakifuatilia, jina watakalolikuta ni lako.

Jinsi ya kuhakiki

Fanya kazi ya mshenga. Huhitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta.

Tafuta picha yake. Hifadhi picha kwenye simu, fungua Google Lens au TinEye, uipandishe na uone imetokea wapi kwingine. Ukiikuta kwa jina tofauti, umepata jibu. Usipoikuta popote, usihitimishe kwamba ni yake. Huenda imetoka kwenye akaunti iliyofungwa au imetengenezwa kwa akili mnemba.

Piga simu ya video, na usitoe taarifa ndefu kabla. Siku hizi hata hiyo si hakika kamili. Oktoba 2024 polisi wa Hong Kong walitangaza kuwakamata watu 27 wa genge lililobadilisha sura kwenye simu za video na kujifanya wanawake warembo. Hasara ilizidi dola milioni 46. Mwombe mtu ageuze kichwa upande kabisa, apitishe mkono mbele ya uso, au ainuke na kukuonyesha dirishani. Sura ya bandia mara nyingi huyumba hapo, ingawa teknolojia inazidi kuboreka. Kataa simu ya sekunde kumi yenye giza.

Uliza kuhusu mahali. Akisema anafundisha shule fulani, tafuta namba ya shule hiyo wewe mwenyewe, usitumie aliyokupa yeye. Akisema ametoka kijiji fulani, bila shaka una rafiki anayemfahamu mtu wa huko. Afrika Mashariki ni ndogo kuliko inavyoonekana, na ukiuliza kwa adabu watu husaidia.

Omba kuzungumza na mtu wake. Baada ya miezi miwili au mitatu si aibu kusema, "Ningependa kumsalimia dada yako." Mtu mkweli anaweza kusita au kuona haya, lakini atatafuta njia. Mwenye ndoa anayejificha mara nyingi hukwama hapa.

Angalia jina la laini. Huduma nyingi za pesa kwa simu huonyesha jina la mpokeaji kabla ya muamala kukamilika. Kama mchumba wako anaitwa Daniel na jina linalotokea ni la mtu mwingine kabisa, ghairi. Kumbuka pia kwamba matapeli hutumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine, hivyo jina likilingana si uthibitisho tosha.

Jua taratibu za serikali. Ushuru wa forodha haulipwi kwa namba ya simu ya mtu. Tanzania malipo ya serikali hupewa namba maalumu ya malipo, ile tuliyoizoea kuiita kontrol namba. Kenya hupitia eCitizen, yenye namba ya Paybill 222222. Na jeshi la Marekani limeeleza mara nyingi kwamba askari wake hawalipi pesa ili wapewe likizo, chakula au matibabu.

Kanuni ya pesa

Waswahili husema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na tapeli anaijua methali hiyo kuliko sisi. Ndiyo maana huleta dhiki kwanza, kisha akapima urafiki wako. Jiwekee kanuni kabla dhiki haijaja: hutumi pesa, vocha, picha ya kitambulisho wala namba ya siri kwa mtu ambaye hamjaonana ana kwa ana na ambaye hakuna ndugu au rafiki yako anayemfahamu. Kanuni iliyowekwa mapema ni rahisi kuishika kuliko uamuzi wa usiku wa manane, huku mtu analia kwenye simu.

Picha za faragha

Picha ya utupu ukishaituma huimiliki tena. Baadhi ya akaunti za uongo hazitaki uchumba kabisa. Zinataka picha hiyo ili ziweze kukutishia kuipeleka kwa mkeo, mumeo, wazazi au bosi wako.

Ikikutokea, usilipe. Anayelipwa mara moja hurudi. Hifadhi vitisho vyote, mzuie, na utoe taarifa. Watu wazima wanaweza kutumia huduma ya StopNCII, ambayo hutengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya simu yako bila kuipakia picha yenyewe, na mitandao inayoshirikiana nayo huitumia alama hiyo kuzuia isisambazwe. Kwa walio chini ya miaka 18 ipo huduma inayofanana nayo iitwayo Take It Down.

Mkikutana mara ya kwanza

Chagua mahali penye watu, mchana, na usafiri wako uwe wa kwako. Mwambie ndugu au rafiki unakokwenda, jina la unayekutana naye na saa ya kurudi. Usikubali kubadilishiwa mahali dakika za mwisho kwenda nyumbani kwake au chumba cha wageni. Kinywaji chako usikiache mezani ukaenda msalani. Wakazi wa Nairobi wanajua maana ya "kuwekewa mchele". Ukihisi vibaya, ondoka. Huna deni la kueleza.

Ikiwa tayari umetapeliwa

Acha kutuma pesa sasa hivi, hata kama umeambiwa malipo haya ni ya mwisho. Usifute mazungumzo. Piga picha za skrini, andika namba zote, majina, tarehe na namba za miamala.

Piga simu mara moja kwa kampuni yako ya simu au benki. Fedha zikiwa bado hazijatolewa, kuna nafasi ya kuzizuia, na nafasi hiyo hupungua kila dakika. Tanzania unaweza kutuma namba ya tapeli kwenda 15040, na Kenya wateja wa Safaricom hutuma kwenda 333. Kama ulitoa nakala ya kitambulisho, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako, kisha ubadilishe nywila zako.

Nenda polisi. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, na chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya Kenya ya mwaka 2018. Kenya unaweza pia kuipigia bure Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, kwa 0800 722 203.

Kisha jihadhari na tapeli wa pili. Baada ya wiki chache huenda akatokea mtu anayejiita wakili, mpelelezi au mdukuzi, akikuahidi kuzirudisha pesa zako kwa ada ndogo. Mara nyingi ni kundi lile lile.

Ukimwona ndugu yako ndani ya mtego

Mama, kaka au shangazi aliyenaswa hatoki kwa kuchekwa. Ukimwita mjinga, unamsukuma kwa mtu pekee anayemwambia maneno mazuri. Kaa naye, omba akusimulie walivyokutana, kisha muulize taratibu kuna nani mwingine anayemjua. Jitoleeni kuitafuta picha ile pamoja. Mara nyingi mtu huwa tayari ana shaka, amekosa tu wa kumwambia bila kuaibika.

Na kama wewe ndiye unayezungumza na mtu uliyekutana naye mtandaoni, usisubiri mpaka shaka ije. Mchague leo mtu mmoja unayemwamini, umtajie jina la mchumba wako, mahali anaposema yupo, na siku mlipoanza kuwasiliana. Mchumba akiwa mkweli, hakuna kitakachoharibika. Akiwa wa uongo, utakuwa na mtu wa kukushika mkono kabla hujatuma.